Amina ya Milka

Milka aliimba soprano tangu utotoni kule Bungoma, na aliyemfunza ni babake, mwalimu wa kwaya aliyekuwa akiandika solfa, zile do-re-mi, ubaoni kwa chaki. Siku Milka anaondoka kuja Doha, mzee alimwambia, "Kazi utapata, lakini sauti yako itafia jikoni mwa watu." Neno hilo lilimchoma. Na miaka miwili ya kazi za nyumbani Umm Salal, nje kidogo ya Doha, madamu wake hakumpa Ijumaa hata moja ya mapumziko, kwa hivyo alinyamaza kweli.

Mwaka 2014 alipopata Ijumaa zake, mimi Nyanchama, muuguzi mwenye mdomo, nilimburuta hadi kwenye kwaya yetu. Tulikuwa tunajiandaa kurekodi kantata, wimbo mrefu wa kwaya na ala, wa mashairi ya Kilatini yaliyoandikwa miaka mia nane iliyopita huko Ulaya. Mara kakake Fabian akapiga simu: mzee amepatwa na kiharusi, na anaomba kitu kimoja tu, kumsikia Milka akiimba. Basi rekodi hiyo ikawa kila kitu kwake.

"Lakini tuko sabini," akaniambia. "Baba atanijuaje?"

Mimi huruma ikinishika huwa nakasirika. Nikamwambia anywe maji aache kuniliza.

Siku ya kurekodi, ngoma zilipopigwa sakafu ilitetemeka hadi magotini. Wafilipino, Waganda, Walebanoni, sote tukafungua vinywa pamoja. Niliogopa, siwadanganyi. Watu waliokufa kabla ya babu wa babu yangu walikuwa wanapumua kwa vifua vyetu, na nilihisi mimi ni mdogo sana na machozi yakanitoka bila ruhusa. Milka alikuwa ameinua uso, anang'aa.

Mwisho, mwalimu wa kwaya yetu aliacha mkono juu. Hakuna kupumua mpaka sauti ife yenyewe. Ukumbi ukatulia tuli.

Ndipo Milka akaimba, peke yake, "Amina." Ile ya kwao, inayopanda kisha kushuka polepole, aliyoitunga babake. Kwao Kilatini ni cha misa, na wimbo wa misa hauachwi hivihivi bila Amina.

Fundi wa sauti akashika kichwa. Mwalimu akashusha mkono, akasema kwa upole, "Milka, huo ni wimbo wa walevi. Wanaoimba humo wako kwenye kilabu cha pombe." Maana ya mashairi alikuwa ameieleza siku ambayo basi lilituchelewesha mimi na Milka. Milka alitamani ardhi immeze.

Tulirudia, na hiyo safi ndiyo iliyoingia kwenye CD. Lakini mimi nilimfuata fundi, nikamwambia anipe ile iliyoharibika. Akacheka, akaniwekea kwenye simu.

Ijumaa iliyofuata tulimpigia Fabian kwa simu ya Milka, akamwekea mzee simu sikioni. Nikamchezea ile rekodi kwenye simu yangu, akasikiliza wimbo mzima. Ilipofika Amina, akaitambua papo hapo.

"Huyo ni Milka," akasema, kwa ulimi mzito. Kisha akauliza, "Ni misa gani hiyo?"

Milka akanitazama. Nikamwambia amwambie tu.

"Ni nyimbo za walevi, Baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Walevi nao waombewe," akasema. "Mwanangu, nilikosea. Sauti yako haijafa."