Mkaratusi "Mdogo" wa Shemeji Yangu

Asubuhi hiyo nilishusha ndoo kisimani, na badala ya kusikia maji nikasikia ngo!

Nikavuta kamba. Ndoo ikaja na tope, na ndani ya tope kuna nywele. Ndefu, nyekundu, zimesokotana.

Nilipiga ukelele mpaka mama mkwe akatoka pekupeku.

"Kuna mtu humo ndani?"

Hapakuwa na mtu. Ilikuwa mizizi.

Mimi ni dobi. Nafulia nyumbani uani, na kisima ndiyo kazi yangu. Kikikauka, nimekwisha. Shuka za wateja zilikuwa zimelowekwa kwenye mabeseni na maji ya kusuuzia hakuna.

Mhusika nilimjua palepale. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha balbu moja, mtaa mzima ukalala gizani.

Huyu bwana, jamani! Kazi hana, maoni anayo. Chumba chake kiko upande wa chini wa ua, na tangu ahamie ni kulalamika tu. Mara kelele, mara moshi, mara tope. Nani ana muda wa kumsikiliza?

Basi siku moja, miaka kadhaa nyuma, akaja na mche kwenye kopo, kimo cha mwiko. Akaanza kuchimba shimo kati ya kisima na chumba chake.

"Shemeji, huo si mkaratusi?"

"Ndiyo. Ila huu ni mdogo."

"Mdogo wa aina au mdogo wa umri?"

"Aliyeniuzia ni mtaalamu, shemeji. Kasema ni mdogo. Tena haupukutishi majani mwaka mzima. Bustani itapendeza."

Mbavu sina! Mtu mzima na ndevu zake hajui kwamba kila mche ni mdogo siku unayouziwa. Nikamwita mama mkwe.

"Mama, njoo uone. Mwanao kauziwa mtoto, yeye anadhani ni mtu mzima mfupi."

"Mwache," mama akasema. "Angalau leo kashika jembe."

Sikuwa na wasiwasi. Injinia hajawahi kumaliza jambo aliloanza, nikajua mche utakufa wenyewe. Kumbe alikuwa akiumwagilia kila siku, tena kwa maji ya kisima changu. Mti ukapita dirisha, ukapita paa. Kila mteja akija namwonyesha: "Tazama mkaratusi mdogo wa Injinia." Tunacheka, anachukua nguo zake anaondoka.

Sasa ndoo imegonga chini. Wateja wakachukua mizigo yao mibichi, mmoja baada ya mwingine.

Nikasema leo namuumbua. Nikamchukua Injinia na mama mkwe mpaka kwa muuza miche.

"Wewe baba, kwa nini ulimdanganya huyu bwege kwamba mkaratusi ni mdogo?"

Muuza miche akamtazama Injinia, akatikisa kichwa.

"Huyu namkumbuka vizuri. Nilimpa mti mfupi wa bustani, akaukataa. Alitaka unaokunywa maji kuliko miti yote niliyonayo. Nikamwonya asiupande karibu na kisima. Akaniuliza, karibu kiasi gani?"

Nikamgeukia Injinia.

"Wewe mtoto!" mama mkwe akafoka.

Injinia hata uso hakuinamisha.

"Maji yake ya sabuni yanakuja mpaka mlangoni kwangu. Nalala kwenye tope. Nimesema mara ngapi? Mnacheka. Nikaona basi, wanataka mjinga, ngoja niwapatie."

"Mtaro ungekushinda kuchimba?" nikamuuliza.

"Nisingeruhusiwa. Mti mliruhusu, kwa sababu ulikuwa wa kijinga."

Mume wangu aliukata mkaratusi wiki ileile. Maji hayajarudi. Mimi sasa nafua kwenye ua wa dobi mwingine, kwa amri zake. Injinia anafagia chumba kikavu huku akipiga mluzi.

Msinielewe vibaya, bado namdharau. Mwanaume anayekausha riziki ya watu kwa sababu ya tope la mlangoni ni takataka, na nimemwambia usoni.

Ila wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Ukishamwita mtu bwege, unaacha kumwangalia mikono. Mtu wa namna hiyo anaweza kukuchimbia kaburi mchana kweupe, na wewe ukamletea maji ya kunywa.

Mimi nilifanya zaidi ya hapo. Siku ile anapanda, mche ulikuwa unalala upande. Aliniomba nimshikie. Nikaushika kwa vidole viwili usimame wima, nikicheka mpaka machozi, hadi akamaliza kufukia.