Ndugu Yangu Niliyemzika

Mimi ndiye niliyeokota shati la Okech juu ya mawe, viatu vyake vimepangwa vizuri kando, na mimi ndiye niliyekimbia nyumbani kusema amezama. Sitaki mtu mwingine abebe lawama hiyo. Tulimtafuta ziwani siku nne kwa mitumbwi sita, kutoka kwetu Kayenze hadi visiwani, tusipate kitu. Siku ya tano wazee wakasema inatosha. Sisi Wajaluo, mtu asipopatikana, hatumwachi bila kaburi. Tunazika tunda la yago mahali pake, lile refu na zito linaloning'inia mtini, ili apate pa kulala na asiwasumbue walio hai. Nilichimba mwenyewe. Nilibeba tunda mwenyewe, limefungwa shuka, na nakumbuka niliwaza kwamba ni jepesi mno kwa mtu aliyekula kama Okech.

Wakati huo Okech alikuwa kituo cha polisi, anakula ugali.

Alikuwa fundi mitumbwi, na miezi kadhaa kabla alianza kusikia watu wakimwita kutoka ndani ya mbao. Tulimcheka. Tulidhani ni pombe. Siku ile alivua shati, akaondoka, akatembea siku mbili hadi kivukoni Kigongo, na polisi walipomuuliza jina akasema ni Masalu. Jina hilo ndilo lililoandikwa hospitali walikompeleka. Miaka miwili Masalu alitibiwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, dawa zikamkubali, na asubuhi moja akamwambia muuguzi kwamba yeye si Masalu.

Alipoingia uani nilikuwa natengeneza injini ya boti. Nilianguka. Sitanii, nilikaa chini kwenye oili. Akanisaidia kuinuka, akaniuliza kama nimeumia, kisha akauona msalaba wenye jina lake. Akasoma polepole. Akasema tumekosea mwaka wa kuzaliwa.

Mama yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, anaitwa Adoyo. Hakupiga kelele. Alimtazama, akamletea maji ya kunawa, akampa chakula na chumba cha nje. Akamwita "mgeni." Wiki zikapita, akawa bado ni mgeni. Alimpikia, akamfulia, akamkumbusha vidonge vyake asubuhi na jioni, lakini jina halikutoka mdomoni mwake. Wazee walitaka kaburi lifukuliwe na mila zifanyike ili mambo yaishe. Alisema atakayeligusa amzike yeye kwanza. Wakachukua fimbo zao, wakaondoka.

Kijiji nacho kilikuwa na vituko vyake. Wateja walimletea Okech mitumbwi ya kukarabati, kisha wakasimama mbali wakimchungulia waone kama ana kivuli. Kanisani katekista aliendelea kusoma jina lake kwenye orodha ya marehemu, maana nia za misa zilikuwa zimeandikwa za mwaka mzima na yeye si mtu wa kubadilisha karatasi. Okech alikuwa amekaa benchi la tatu. Jina liliposomwa aliitikia pamoja nasi, "Ee Bwana, utusikie." Mimi peke yangu ndiye niliyecheka.

Wodini walikuwa wamemfundisha kwamba akisikia sauti atafute mdomo unaosema. Mdomo ukiwepo, ni mtu. Usipokuwepo, awaambie wao. Alishika hilo kama amri. Spika ya muuza dagaa ilimsumbua nusu siku. Mwishoni aliizunguka mpaka akamkuta mwenye kipaza sauti, akamsalimia kwa heshima zote, akaenda zake.

Lakini ipo sauti moja iliyomshinda. Kila asubuhi, akishateka maji, mama mkubwa alisimama kaburini na kuzungumza. Alimpa Okech wa pale habari zote, mvua, bei ya mihogo, nani kaoa. Alimweleza pia kuhusu mgeni. Alisema mgeni hali vizuri. Alisema mikono ya mgeni inatetemeka, hawezi hata kupigilia msumari vizuri. Okech alilala macho wazi nyuma ya ukuta akisikiliza.

Akaniambia, "Otuoma, mdomo upo. Ni wa mama. Lakini anaongea na mimi, na mimi siko pale."

 Mimi ndiye niliyemweka pale.

Alipokwenda kliniki kuchukua dawa za mwezi alisema ukweli, kama alivyofundishwa. Alimwambia Sista Bernadeta, muuguzi wa pale, kwamba nyumbani ana kaburi na kwamba mama yake huzungumza naye humo kila siku. Sista akaandika kwamba mgonjwa anaamini amekufa. Okech akamsahihisha, hajafa, amezikwa tu. Dozi ikaongezwa. Mwezi uliofuata akasema yale yale, kwa ulimi mzito zaidi, na Sista akaanza kutaja kumrudisha wodini.

Nikaenda mimi. Nilimweleza Sista kila kitu, shati, mitumbwi sita, tunda. Alinisikiliza kwa upole mkubwa. Kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe huwa napata usingizi. Akasema anamtaka mtu anayeishi na mgonjwa na kumpa dawa. Mama asipokuja mwezi ujao, Okech atalazwa.

Wodi hiyo Okech aliiogopa kuliko ziwa. Aliniambia akirudi mle safari hii hatatoka, kwa sababu hakuna mtu nje anayesema ni wake. Mama mkubwa nilimbembeleza majuma matatu. Alijibu kwamba ana mihogo ya kumenya.

Siku yenyewe tulimkuta barabarani ametangulia, amevaa gauni lake la kanisani na kitenge begani. 

Sista Bernadeta alimpa kiti, akamwamkia, kisha akauliza huyu ni nani wake.  Okech alikuwa amekalia mikono yake ili isionekane ikitetemeka.

"Nilimjua siku ileile," mama mkubwa alisema. "Alikohoa getini, nikajua ni mwanangu."

Sista akauliza, kwa nini basi hamwiti jina.

"Yule niliyemzaa alikuwa akiingia nyumbani, kuku wote wanatawanyika kwa kicheko chake. Huyu anaomba ruhusa ya kukaa. Nikisema ndiye huyu, basi yule hayupo popote. Hata kaburini hayumo, mle mna tunda, nalijua, nililiona. Lakini pale nina mahali pa kumwamkia. Mkiniondolea pale, nitamwamkia wapi?"

Okech akasema taratibu, "Mama, hata mimi namtafuta. Nilimtafuta miaka miwili mle ndani. Sikumpata."

Hapo mama mkubwa alilia. Siku ya mazishi alikaa kimya kama jiwe, lakini sasa alipiga yowe la msiba, lile la kwetu hasa, mikono kichwani. Watu wa foleni wakasimama. Sista aliweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango. Okech alipiga magoti, akamkumbatia, wakalia pamoja, wakimlilia mtu mmoja. Nimehudhuria misiba mingi, lakini marehemu akimshika mfiwa nilikuwa sijaona. Mimi nilisimama kwenye kona na aibu yangu yote.

Mama mkubwa alipomaliza, alijifuta kwa upande wa kitenge. Akamwambia Sista aandike kwamba huyu anaishi na mama yake na kwamba kaburi lipo kweli. Sista aliandika, akakata ile dozi aliyoiongeza.

Mama mkubwa alikwisha kusimama mlangoni, mkoba kwapani.

"Okech," alisema, "inuka twende nyumbani."

Okech alikuwa amesimama kabla mama hajamaliza kusema.