Nani Anawasha Mbabula Jumamosi

Kesi hii yote ilitugharimu Jumamosi nne, safari saba za pikipiki kutoka Kadutu hadi Nguba, sufuria nzima ya mashanza, na arusi moja. Nimehesabu mara mbili. Ni mazoea ya kazi. Mimi nauza mabati, na mabati hushikana. Ukihesabu mara moja tu umegawa moja bure, na aliyelipata hatarudi kukuambia.

Arusi ni ya binti wa marehemu kaka yangu. Kaka alikufa mtoto akiwa darasa la tatu, akabaki mikononi mwangu, na mpaka leo ananiita papa mudogo. Sasa ni muuguzi, mtu mzima, na alikuwa amepata kijana mpole anayefundisha hesabu shuleni. Nilimwulizia huyo kijana kila upande na sikupata kosa. Kosa lilikuwa kwa baba yake.

Baba huyo zamani alikuwa katekista. Kisha akapata simu yenye kioo kikubwa. Baada ya miezi sita ya kutazama mafundisho, akatangaza kwamba anafuata sheria ya Wayahudi, akakusanya watu kumi na mmoja sebuleni kwake Nguba, naye mwenyewe akakalia kiti cha mbele. Sina neno na Wayahudi. Sheria yao wameibeba miaka na miaka, katika shida ambazo huyu mzee hazijui hata kwa picha. Neno langu lilikuwa na mwanafunzi wa simu, aliyeisoma sheria ya wenzake kama wateja wangu wengine wanavyopima paa: upande mmoja wa nyumba, halafu wanakuja dukani na kelele.

Siku ya mahari tuliiweka Jumamosi, kwa sababu Bukavu nzima inaoa Jumamosi. Akatuma neno: Jumamosi hagusi pesa, hapandi gari, hahesabu ng'ombe. Tukasogeza Jumapili, baada ya misa. Akatuma neno la pili: mbuzi wachinjwe na mtu wake, kwa kisu chake. Tukakubali, kisu ni kisu. Neno la tatu alilileta mwenyewe, akiwa amekwisha kuketi mezani. Sisi Bashi mgeni tunampokea kwa maziwa, na mashanza, yale maziwa yaliyoganda, ndiyo heshima yenyewe. Mzee akasukuma kikombe kwa kidole kimoja. Nyama na maziwa, akasema, havikai meza moja. Akila nyama anangoja masaa sita kabla ya maziwa.

"Masaa sita, papa?" nilimuuliza. "Batu ya kwetu Nyangezi haiwezi kungoja hata dakika sita."

"Sheria haiangalie tumbo, mukwe."

"Sheria ya chakula isiyoangalia tumbo inaangalia nini?"

Shangazi yetu, aliyeileta ile sufuria kutoka Nyangezi akiipakata mapajani njia nzima, aliinuka, akatoka nayo nje, akaimwaga yote kwenye mfereji mbele ya wakwe. Tukaendelea na mazungumzo kama watu wenye adabu.

Hapo ndipo mzee alipotoa sharti la mwisho. Ng'ombe wako tayari, alisema, lakini mwana wake ni wa nyumba ya Kiyahudi na hawezi kuoa nje ya sheria. Binti asome kwanza mwaka mmoja, kisha azamishwe ziwani.

"Nani atamuzamisha?"

"Mimi."

"Weye na nani?"

"Mimi na kitabu."

Nilikwenda jikoni kumwambia binti. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta.

"Nitasoma, papa mudogo. Mwaka moja si kitu. Namutaka ule kijana. Tafazali, usiharibu."

"Siharibu kitu. Naenda kuuliza tu."

Sijawahi kununua kwa bei ya kwanza, hata chumvi. Nikaenda kuuliza bei kwa wenye mali.

Kulikuwa na mhandisi wa maji, mgeni, Myahudi wa kuzaliwa, aliyekuwa amenunua kwangu mabati sitini na kuyahesabu mara mbili, jambo lililonifanya nimheshimu. Anaongea Kiswahili safi kama cha redio. Nilimkuta kando ya ziwa na sahani ya sambaza, vile visamaki vidogo. Nikaanza mbali.

"Hizi munaruhusiwa?"

"Samaki mwenye mapezi na magamba tunakula. Hawa wanayo."

"Na kambale?"

"Kambale hana magamba. Namwacha."

Basi. Hakupandisha sauti, hakusimama. Nilijiuliza kwa nini mzee wa Nguba angehitaji saa nzima na jasho kwa maneno hayohayo. Nikamweleza habari ya binti yetu. Akaacha kutafuna.

"Nani amemwambia ni lazima?"

"Mukwe. Anasema sheria."

"Sisi hatutafuti watu. Akija mtu kuomba, desturi ni kumrudisha kwanza, hata mara tatu. Asiye Myahudi akiishi vizuri hatumdai zaidi."

Nilimwangalia. Kwetu, makanisa yanaelekeza vipaza sauti barabarani usije ukapita bila kuingia. Hawa wanafunga mlango!

"Hiyo ni biashara gani?"

"Siyo biashara," alisema. "Huyo kijana, mama yake ni Myahudi?"

"Mama yake anaimba kwaya. Mukatoliki wa Idjwi."

"Basi kijana si Myahudi. Kwetu mtoto anafuata mama."

Kwetu mtoto ni wa baba, ng'ombe wamekwisha kulimaliza hilo zamani. Nikamuuliza tena, nisije nikabeba moja nikidhani ni mbili. "Hata baba akiwa mukubwa wa sheria?"

"Hata baba akiwa rabi. Na huyo baba, nani alimwingiza?"

"Simu."

Akavuta pilipili karibu yake. "Kaa kwanza nikueleze yote. Kuingia kuna utaratibu wake, kuna—"

Lakini mimi nilikwisha kusimama. Neno la mama lilinitosha. Lilikuwa na makali, linaingia mfukoni, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Nilikwenda Nguba siku hiyo ya Jumamosi makusudi. Mzee alikuwa sebuleni na shuka lenye nyuzi begani, taa zimezimwa kwa ajili ya Sabato. Umeme wenyewe haukuwepo tangu Alhamisi. Mke wake alinisalimu. Mzee akaangalia dari, akasema, kama mtu anayeongea na ukuta:

"Hii asubui baridi iko mingi. Ile mbabula inaonekana inaisikia kabisa."

Mama akatoka. Nikamwona mlangoni akipanga makaa katika lile jiko, akiwasha, akipepea. Kahawa ikaja ya moto.

"Papa," nikasema, "moto Jumamosi unakatazwa, sivyo?"

"Kabisa."

"Na maman ameuwasha."

"Yeye hafungwe na sheria. Yeye si Muyahudi."

"Uko hakika?"

"Miaka makumi tatu naishi naye! Niko hakika."

"Basi mutoto wake pia si Muyahudi. Katika ile sheria yako mutoto anafuata mama. Uliza kwa simu. Kama ni hivyo, binti yetu aingie fasi gani, papa? Atazamishwa juu ya nini? Kijana si Muyahudi, binti si Muyahudi, wote wawili walibatizwa. Twende parokia."

Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Baba ya batoto," alimwambia, "kumbe unanywa kahawa ya mupagani!"

Mzee hakucheka. Alikaa na kikombe mkononi hadi kikapoa. Nilishuka kwenda kutafuta pikipiki nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Bukavu, na njiani nilijieleza ushindi wangu mara mbili.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa kimya. Jumapili ikaja barua, imeandikwa kwa mkono, na mwandiko mzuri wa katekista. Nilitegemea matusi. Alinishukuru. Nimemfungua macho, aliandika. Ametafuta, ameona nilisema kweli. Na zaidi ya hapo ameona kwamba yeye mwenyewe hakuingia kwa utaratibu, kwa sababu mtu haingii peke yake: lazima majaji watatu wanaojua sheria wamkubali. Amewaambia watu wake kumi na mmoja wabaki nyumbani. Ameandika barua nje kuomba majaji, na mpaka waje, na yeye, mke na kijana waingizwe sawasawa, mambo yote ya nyumba yamesimama. Na arusi.

Kiburi chake nilikuwa nimejiandaa nacho. Unyofu wake sikuwa na pa kuuweka.

Mke wake amesema haingii mahali: alibatizwa, akapewa kipaimara, yatosha. Kijana alikuja dukani, akasimama kati ya mabati. "Papa," aliniambia, "siwezi kuoa wakati baba ameinamisha kichwa hivi." Mhandisi nilimwomba aje kuongea naye. Alikataa kwa upole: yeye ni mtu wa mabomba, hawezi kujifanya jaji, na ndiyo maana siku ile aliniambia nikae.

Binti hakupiga kelele. Alitoka zamu akaja moja kwa moja kwangu. "Nilikuambia mwaka moja, papa mudogo," alisema. "Mwaka moja ungekuwa na mwisho."

Nimefikiria kwenda kumwambia mzee kwamba nilidanganya. Ungekuwa uongo, tena juu ya sheria ambayo si yangu. Nimefikiria kumwambia lile lingine la mhandisi, kwamba asiye Myahudi hadaiwi chochote, basi hata yeye anaweza kukaa na Mungu wake kwa amani. Ataona napatana bei.

Kwa hiyo naomba mwenye kuijua sheria hii kwa kuisoma anishauri: kuna njia ya mtu kama huyu kumwacha mwana wake aoe sasa, bila aibu, na yeye aendelee kungoja majaji wake? Kama ipo, nani amwambie? Maana mimi naogopa hatanisikiliza tena, na naogopa zaidi kwamba atanisikiliza.