Ugoro Wangu, Moshi wa Jirani

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana watu wa mtaa wetu wa Chemchem wanaujua tayari, na nisiposema mimi watasema wao, tena kwa chumvi. Nilipokuwa namnyonyesha mtoto wangu wa kwanza, nilimpiga vita jirani yangu kwa sababu ya sigara zake. Nilimnyima shikamoo. Dirisha la upande wake nililipigilia misumari. Na muda wote huo mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne na C ya baiolojia ambayo nilikuwa nimeitaja mtaani mara nyingi kuliko ilivyostahili, nilikuwa na ugoro ndani ya mdomo wa chini.

Sikuona kosa lolote. Ugoro si sigara, nilijiambia. Hauwashwi, hautoi moshi, haumsumbui mtu. Nilipewa na bibi yangu mzaa mama, kule kijijini njia ya Sikonge, ambako nyuma ya kila nyumba kuna bani la kukaushia tumbaku. Mimba ilikuwa changa na nilikuwa natapika hadi maji. Bibi akasaga jani, akatia magadi, akasema bwia kidogo utatulia. Nikatulia kweli. Mtoto akazaliwa, kichefuchefu kikaondoka, ugoro ukabaki. Niliufunga kwenye pindo la kanga, pale ambapo wenzangu hufunga hela. Langu lilikuwa na nafasi ya kutosha.

Halafu kuna suala la heshima. Kwetu bibi akibwia ugoro, ni bibi tu anabwia ugoro. Mwanamke akiwasha sigara barazani, huyo ni mhuni. Na jirani yangu aliwasha. Alikuwa mjane wa makamo, anakaanga mihogo kibarazani kwake, ukuta mmoja na wetu. Mihogo ikiingia kwenye mafuta, naye anawasha. Anavuta ameketi, miguu ameinyoosha, anamtazama usoni kila anayepita, kama vile barabara ni yake na anasubiri ushuru.

Mimi ni mtu wa ndani. Nimezaliwa kwenye mji uliokuzwa na misafara, watu waliotoka pwani kwa miguu hadi ziwani na mizigo kichwani, na safari yangu kubwa ya wiki ni kwenda hapo mtaa wa Gongoni kununua sabuni. Hata hiyo naiahirisha. Kwa hiyo adui niliyehitaji ilibidi apatikane karibu.

Na nilimhitaji. Mtoto alikuwa amezaliwa mkubwa, mashavu kama maandazi, lakini mwezi wa pili haujaisha uzito ukagoma. Halali. Ukimpa ziwa anavuta kidogo, anaachia, anajinyonganyonga, analia, anatapika. Moyo wake ulikwenda mbio hadi nauhisi kwenye kiganja changu. Maziwa yenyewe yakaanza kuwa haba. Mama mkwe wangu, aliyetoka Nzega kuja kunisaidia uzazi na akasahau kurudi, alimgeuzageuza kama mtu anayekagua kuku wa mnadani.

"Mtoto huyu amebemendwa," akasema.

Asiyelijua neno hilo ashukuru. Maana yake ni kwamba mama hakuvumilia hadi mtoto aache ziwa, akalala na mwanamume, maziwa yakaharibika na mtoto akadhoofu. Mume wangu msimu ule alikuwa na lori la tumbaku, anaonekana nyumbani kwa nadra kama mgeni. Kwa hiyo swali lililobaki hewani lilikuwa: mwanamume yupi?

"Mama, mimi hata dukani siendi," nilimwambia.

"Wasiotoka ndio wabaya. Wanaotoka tunawaona."

Akatoa hukumu hapo hapo. Kama siku ya kliniki mizani haitapanda, angemchukua mjukuu wake Nzega akamlee kwa maziwa ya ng'ombe. "Ng'ombe wangu nawajua wanalala wapi," alimalizia. Mtoto hakuwa hata na miezi minne. Nilimkumbatia nikaingia chumbani, nikabwia ili nitulie, kisha nikamnyonyesha. Ndiyo, kwa mpangilio huo.

Kliniki, nesi aliona uzito umesimama, akauliza, "Mama, nyumbani kuna anayetumia tumbaku? Sigara, ugoro? Au pombe, mirungi, bangi?" Katika orodha nzima nilisikia neno moja tu.

"Jirani!" nilidakia, mama mkwe akiwa pembeni yangu. "Anavuta sigara, yaani anafuka kama bani."

Nesi akasema moshi ni mbaya kwa mtoto, tumweke mbali nao, na turudi mwezi unaofuata. Alisema ukweli. Ila mimi nilirudi nyumbani nimeubeba ukweli huo kama rungu. Mama mkwe naye alinipa mwezi huo mmoja, akionyesha kwa uso kwamba ni mrefu mno.

Vita ikaanza. Nilisimama ukutani nikapaza sauti, "Moshi wako unaniulia mtoto!"

"Upepo wa leo unakwenda Mtendeni, msomi," akajibu bila kugeuka. "Kawaulize wa Mtendeni wamezika wangapi."

Nikafungulia redio upande wake. Akakohoa makusudi kila nilipotoka. Mwishowe nikawaambia wateja wake kwamba mihogo ile inanuka sigara hadi ndani, na mtu mwenye watoto ajifikirie. Baadhi yao wakaacha kununua. Hilo sijivunii sasa, ingawa siku zile nililala nikitabasamu, yaani muda mfupi mtoto aliponiruhusu kulala. Kila nikitoka ugomvini nilikuwa na hasira, na dawa ya hasira ilikuwa kwenye pindo la kanga.

Asubuhi ya kliniki iliyofuata, jirani aliingia uani kwetu bila hodi. Mama mkwe yuko mkekani anachambua maharage, mimi nimesimama na mtoto begani, tayari kwa safari.

"Shikamoo hunipi, sawa, haijengi nyumba," akasema. "Lakini mihogo yangu umewaambia watu nini?"

"Nimewaambia nilichonusa."

"Na pua yenyewe umeipata wapi, wewe unayeishi chini ya kitanda?"

Nilikuwa natafuta jibu, kidole kiko hewani, nikamwona ameacha kunisikiliza. Anamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amelivuta pindo la kanga yangu, amelitia mdomoni, analinyonya kwa bidii ambayo ziwa langu halikuwahi kuipata. Jirani akarukia, akamchomoa. Fundo lilikuwa limelowa mate, likafunguka, na ugoro ukamwagika kifuani kwangu mbele ya wote. Akamsafisha mtoto mdomo kwa kidole na ncha ya kitenge chake, haraka, kisha akanusa kile kidole.

"Alaa!" Akamgeukia mama mkwe. "Mama, mtoto hajabemendwa. Huyu anamnyonyesha tumbaku."

Akatoka. Mama mkwe, ambaye pua yake mwenyewe na ugoro vinafahamiana tangu ujana, aliyaacha maharage mkekani, akasimama. Kisha akasema neno moja tu: "Twende."

Nesi alimkagua mtoto kwanza, macho, mdomo, mapigo ya moyo, akatuambia hajameza kiasi cha kutisha. Uzito ulikuwa pale pale. Ndipo akanigeukia.

"Nilikuuliza."

"Uliuliza sigara."

"Niliuliza na ugoro, mama." Akanieleza taratibu, kwa sauti ile ya kumweleza mtu mzima jambo la mtoto. Kinachoingia kwa mdomo wa mama huingia kwenye damu, na damu ndiyo inayotengeneza maziwa. Ndiyo maana mtoto halali, moyo unakwenda mbio, na maziwa yenyewe yanapungua.

Mama mkwe akafungua kinywa. Nilijua Nzega inakuja.

"Ziwa asiachishwe," nesi akamkata. "Maziwa ya mama yake bado yanamfaa kuliko ya ng'ombe. Huyu mama aache ugoro. Na siku akishindwa, abwie baada ya kunyonyesha, kamwe si kabla, na akae muda mrefu kabla hajampa tena. Lakini nataka aache."

Kuacha kulinifanya mtu mbaya zaidi, na sikuwa nimeanzia pazuri. Niligombana na sufuria. Nilitafuna karanga hadi taya zikauma. Kichwa kilinigonga, na kila asubuhi mama mkwe aliniamuru nifungue mdomo, akanusa. Mtu akitaka kujua aibu ni nini, anuswe mdomo na mkwewe kabla ya chai. Siku mbili nilishindwa, nikakiri mwenyewe kabla hajanikaribia.

Usingizi ulirudi kwanza. Mtoto akalala mchana mzima, nikamwamsha kwa hofu kuona kama ni mzima. Kisha akaanza kunyonya bila kuachia, na maziwa yakamfuata. Kliniki iliyofuata mizani ilipanda. Mama mkwe akafunga mzigo wake, akapanda basi la Nzega peke yake. Kuhusu yule mwanamume niliyedaiwa kuwa naye, hajasema kitu hadi leo. Nadhani bado anamtafuta.

Ikabaki deni moja, na njia yake haikuzidi hatua chache kuvuka kibaraza. Iliniuma kuliko safari ya Gongoni. Nilikwenda kununua mihogo. Nikasimama upande ambao moshi haufiki, mtoto mgongoni, wateja wawili wakiwa pale.

"Shikamoo," nikasema. "Nimeacha."

Akageuza mihogo yote kwenye mafuta, kipande kimoja kimoja, akaizima sigara ukutani, kisha akaniangalia.

"Marahaba. Sasa pita nyumba kwa nyumba, ukawaambie wateja wangu kwamba kilichokuwa kinanuka tumbaku ni maziwa yako, si mihogo yangu."