Rojo Nililokataa Kuonja

Nakumbuka bakuli moja, mwanangu. Bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa bluu uliochunika upande mmoja, na ndani yake rojo jekundu likitoa mvuke. Nimezeeka, majina ya watu yananipotea, lakini bakuli lile ni kama lipo hapa mbele yangu. Na kila nikilikumbuka mikono inakuwa baridi. Hebu shika. Umeona?

Weka hiyo simu kwanza. Najua humo ndimo umejifunza kupika sosi, tamu na yenye chumvi kwa pamoja, na unaona ni jambo jipya. Usinichekeshe. Mama yangu alikuwa akiipika kwetu Lundo, kule ziwani, kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, ila sisi tuliiita rojo. Sikukatazi kuipika. Nimeonja yako ya jana, ni nzuri, ingawa una mkono mzito wa chumvi. Kilichonitisha ni lile rundo la chupa chini ya dirisha, ulizokusanya huku na huko ili utie sosi uwauzie mama lishe wa Ngaka. Jana nilikaa nazitazama mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana nimekuita.

Mama alipika hivi. Kitunguu kinakatwa chembamba, kinakaangwa kwa mafuta kidogo na moto mdogo mpaka kilainike na kuanza kupata rangi. Zinafuata nyanya zilizoiva sana, zimepondwa, na kitunguu saumu ukiwa nacho. Unafunika, unaziacha mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu. Chumvi, pilipili, ndimu. Hapo unaonja, unarekebisha. Kisha unaepua, na sufuria ikiwa chini ndipo unatia asali, unakoroga. Asali haichemshwi, alisema, ikichemka inapoteza harufu yake. Rojo hilo tulilimwagia samaki wa kukaanga, na hapo nyumba nzima ilinyamaza kula.

Nilipoolewa nilipandishwa milimani, kijiji cha Ukata, kwenye kahawa. Mimi mtoto wa ziwani sikujua kuchuma wala kupulizia dawa ya wadudu, baridi ya kule ilinitoa machozi, na Kimatengo chao nilikisikia nusunusu. Nilikuwa mwoga, mwanangu. Niliogopa hata kukohoa mbele ya baba mkwe. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mkali na alijivunia vitu vyake: kahawa yake, mizinga yake, asali yake. Kitu changu kimoja tu kilimpendeza, lile rojo. Nilikuwa nimelipika mara chache kwa sukari, naye akawa anawaringia majirani kwamba mkamwana wake wa ziwani anajua kupika.

Ikafika siku ya wageni wa wifi yangu Skola, watu wa upande wa mchumba wake. Baba mkwe aliagiza samaki kutoka ziwani, wale wakubwa tunaowaita mbasa, akaniambia nipike rojo langu, na safari hii nisitumie sukari. Asali ipo stoo, alisema, ile mpya niliyoirina mwenyewe. Mume wangu alikuwa amepeleka kahawa Mbinga, mama mkwe yuko nje na wageni, jikoni tukabaki mimi na Skola.

Asali niliikuta kwenye chupa ya plastiki, nene, nyeupe, yenye mfuniko mwekundu. Haikuwa na karatasi wala maandishi. Machoni pangu ilikuwa chupa nzuri tu. Nikapika kama nilivyofundishwa, nikaonja, nikaepua, nikatia asali.

Asali ilipogusa rojo la moto, mvuke ukanipanda usoni, na ndani ya mvuke ule kulikuwa na harufu nyingine. Ilikuja, ikapotea. Nikainamia sufuria, ikaja tena, nikaijua. Ilikuwa harufu ya mashati ya mume wangu siku anazotoka kupulizia kahawa dawa, yale mashati niliyokuwa nayafua peke yake, na hata nikimaliza vidole vinabaki vinanuka. Nikamwita Skola anuse. Akanusa, akasema anasikia kitunguu na pilipili tu, na kwamba hiyo ni hofu yangu ya wageni. Nikatamani kumwamini. Nani asingetamani? Nje nilimsikia baba mkwe akicheka na kuwaambia wageni kwamba leo watakula asali ya mizinga yake. Kabla sijaamua lolote, Skola alikuwa ameshachota rojo, akanipa bakuli mikononi na kunisukuma taratibu mlangoni.

Sasa nisikilize vizuri. Kwa desturi ya nyumba ile, aliyepika huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone chakula ni salama. Nikapiga magoti, nikaweka bakuli kwenye meza fupi, nikashika kijiko, na mkono ukagoma. Nilitetemeka mpaka kijiko kikagongagonga bati, kila mtu akasikia. Unaelewa maana yake? Mpishi anayekataa kuonja chakula chake mwenyewe amejitangaza kwamba ametia sumu. Nilimwona mgeni mmoja, mama mtu mzima, akirudisha mkono wake ndani ya kanga. Nikawaza, leo hii narudishwa Lundo, tena na jina la uchawi, na Skola atakosa mume kwa ajili yangu. Nikaitazama meza, nikawaona watu wale wote wamelala chini, hawaamki.

"Onja, mama, wageni wana njaa," baba mkwe akasema, bado kwa upole.

"Baba, nisamehe. Asali inanuka dawa ya kahawa."

Uso wake ukabadilika. Asali yake, mbele ya wakwe zake watarajiwa, na maneno yenyewe yanatoka kwa mkamwana wa juzi. Alininyang'anya kijiko, akachota kikajaa, akakipeleka mdomoni ili awaonyeshe.

Mkamwana hamgusi baba mkwe. Hata sahani sikuwa nikimpa mkononi, nilikuwa naiweka mbele yake na kurudi nyuma. Siku ile nilimrukia. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, kijiko kikaruka, kiwiko changu kikapiga bakuli likapinduka, na rojo likasambaa meza nzima mpaka kwenye suruali ya mgeni. Mtu mmoja akapiga yowe. Mimi nalia, na ule mkono siuachii.

Aliyesimama ni mama mkwe. Alikwenda jikoni, akarudi na chupa ya mfuniko mwekundu, akaiweka mbele ya mumewe.

"Baba Skola, chupa hii ilikuwa ya nini?"

Akasema aliiosha. Aliiosha kwa majivu na maji ya moto, akaianika juani, akarudia tena, na ilikuwa haina harufu yoyote alipotia asali.

"Sijakuuliza kama uliiosha. Nimekuuliza ilikuwa ya nini."

Akasema ilikuwa ya dawa, na sauti yake sikuitambua. Hapo ndipo nikauachia mkono wake.

Wageni walikula ugali na samaki kwa chumvi, baada ya mama mkwe kuonja yeye mwenyewe. Skola aliolewa, usihangaike. Rojo na asali yote tulifukia shimoni, mbali na kisima, na chupa mama mkwe akaikatakata kwa panga. Mimi nilikaa nikisubiri kurudishwa kwetu. Baba mkwe hakunisemesha. Akipita uani nilikuwa najificha nyuma ya ghala, na mume wangu alipojaribu kunituliza nilimwambia afadhali nifunge vitu vyangu mapema kuliko kufungiwa.

Asubuhi moja akaja mpaka mlango wa jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kufika. Alikuwa na kibuyu kipya. Akakiweka chini, akarudi nyuma hatua kidogo, akasema, "Nusa kwanza wewe."

Nikanusa. Ilikuwa asali tupu, na moshi kidogo wa kurinia. Nikatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Tangu siku ile mpaka tunamzika, hakikuingia kitu kwenye sufuria ya nyumba ile, iwe mafuta, iwe chumvi, iwe dagaa, kabla hajakileta nikinuse. Hakuniomba radhi kwa maneno, na mimi sikuyahitaji.

Utaniuliza, bibi, rojo lile lingeua? Sijui. Labda wangeumwa matumbo tu na kupona. Labda yasingetokea lolote, na mimi nikabaki mwendawazimu aliyemrukia baba mkwe kwa sababu ya pua yake mwenyewe. Nimeishi miaka yote hii bila kujua, na kila siku namshukuru Mungu kwamba sijui. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua, nayo ilikuwa kuwaacha wageni wale lile rojo.

Basi nasaha yangu ni hii. Mnaambiwa vijana msiogope. Mimi nakuambia ogopa, lakini uangalie unaogopa nini. Usiogope kuonekana mjinga, wala kumwaga sufuria nzima na kuanza upya. Mkubwa akikukunjia uso, mkunjo huo utakunjuka. Ogopa kitu usichojua kilikotoka kinapoingia mdomoni mwa mtu aliyekuamini. Chupa iliyokaa dawa haiwi tena chupa ya chakula, hata uioshe mpaka majira yageuke. Na ukinusa kitu ambacho wenzako hawakinusi, usijiambie ni hofu yako tu. Sema. Sauti ikitetemeka, sema hivyo hivyo.

Sasa inuka ukalete zile chupa, zote, na panga. Tutazipanga hapa kibarazani, na utaniambia moja moja ilikuwa ya nini. Ile utakayonyamaza, tunaikata.

Mungu akubariki mikono yako, mwanangu, na jiko lako lisizimike. Watakaokula chakula chako walale vizuri, na asubuhi waamke wote wakusalimie.