Udongo wa Dorosela

Tangu Yoeli azikwe, mjane wake Dorosela hakugombana na mtu. Hilo ndilo lililotutisha sisi majirani zake hapa Makambako.

Kornelio, mdogo wa marehemu, alimnyang'anya kinyungu, lile shamba la bondeni alilolima nyanya na mumewe kila kiangazi. Alisema mbele ya wote: "Mwanamke hana udongo. Udongo ni wa ukoo." Dorosela akajifunga kitenge vizuri, akaondoka.

Kornelio alikuwa na mizabibu huko juu kwenye udongo wa kichanga. Kiangazi kile akataka kuinenepesha, akatualika kwa pombe ya komoni tumbebee udongo mweusi wa kinyungu, tuujaze kwenye mashina. Kwetu aliyebeba hunywa, kwa hiyo tulikwenda wengi. Wa kwanza kufika alikuwa Dorosela, na ndoo yake.

"Kamwene, shemeji!" Kornelio akacheka. "Kumbe umenisamehe?"

"Nimekuja kubeba."

Alibeba kuliko wanaume. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, sisi tulio nyuma yake tukaitikia. Hatukujua kwamba nyanya zake za mwisho ziling'oka na mizizi yenye vinundu kama mtama. Bwana shamba alikuwa amewaeleza yeye na mumewe kuwa ni minyoo. Bondeni haina madhara makubwa, alisema, kwa sababu maji ya masika hutuama na kuiua mingi. Ikipata kichanga kisichotuama maji, itazaana bila kuzuiwa na kitu.

Msimu uliofuata mizabibu ikawa njano. Wa pili, ikakauka. Kornelio aling'oa shina moja lenye mizizi iliyojaa vinundu, akaja nalo mpaka uani kwa Dorosela, tulipokuwa tunampukuchulia mahindi.

"Ulijua haya?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, shemeji?"

"Ningeusemea vipi? Mwanamke hana udongo."

Tuliinamia mahindi ili asione meno yetu. Kornelio akalitupa shina chini.

"Basi chukua kinyungu chako," akasema. "Ukoo nitauambia mwenyewe."

"Nichukue shimo? Kinyungu changu kiko juu, kwenye zabibu zako. Kirudishe."

"Una wazimu? Udongo wenyewe una minyoo!"

"Minyoo yangu naifahamu. Masika yatakuja. Wewe beba."

Safari hii hakuna aliyealikwa, wala komoni haikupikwa. Kornelio alichimbua mashina yaliyokufa, akateremsha udongo ndoo kwa ndoo, peke yake, njia nzima ikimtazama. Dorosela alikaa juu ya tuta na kitenge chake kipya, akaimba wimbo uleule wa siku ile. Kornelio akapita amenuna.

"Itikia, shemeji," Dorosela akamwambia.

Akaitikia.