Siku Dada Yangu Alipovuka Daraja la Bustanini

Dada yangu alilichukia daraja lile kabla halijamalizwa. Anaishi mtaa wa Kaloleni, katika nyumba aliyoipanga baba yetu alipokuwa mfanyakazi wa reli, na kutoka mlangoni pake aliona tao la chuma likipanda juu ya mapaa ya vigae siku baada ya siku. Majirani walipoanza kulitembelea na kurudi na picha kwenye simu, yeye alizitazama, akasema ni nzuri, akaendelea kumenya viazi.

"Twende nikupeleke," nilimwambia.

"Nikafanye nini? Mji huu ukijenga kitu kizuri huanza na ngazi."

Polio ilimpoozesha miguu kabla hajajua kukimbia, na tangu hapo ameyajua majengo ya Nairobi kwa ngazi zao: benki yenye ngazi, kanisa lenye ngazi, ofisi ya kitambulisho iliyo orofa ya pili. Vivuko vya juu ya barabara kuu havijui kabisa. Kila asubuhi huendesha kiti chake cha magurudumu kando ya lami hadi soko la Jericho, ambako hushona sare za shule kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na mikono yake imekuwa migumu kama ya mpasua kuni. Mimi, mdogo wake, dereva ninayekaa mtaa wa Fedha na kushinda nimeketi kwenye gari la ofisi, tukishindana mieleka ya mikono mezani huniangusha hadi leo.

Basi nikaenda kulikagua daraja peke yangu. Linavuka mto na kuunganisha bustani mbili: ile ya upande wetu, yenye uwanja wa watoto, na ile ya ng'ambo, yenye miti mikubwa na nyasi. Hakuna nguzo hata moja majini. Tao moja tu la chuma cheupe limeinama upande kama mtu anayesikiliza, na kutoka kwake nyaya zimeshuka kama nyuzi za ala ya litungu kushikilia njia ya mbao. Njia yenyewe haikunyooka. Inaanza mbali, ndani ya bustani, inapinda polepole, inapanda bila haraka, na ukija kushtuka uko juu ya mto. Nilitembea mwanzo hadi mwisho nikitafuta ngazi. Sikuona.

Nilimpigia simu papo hapo. Akauliza, "Umeangalia pande zote mbili?"

"Zote mbili."

"Jumapili, baada ya kanisa."

Jumapili hiyo alivaa gauni la kitenge alilojishonea na ambalo sikuwahi kuliona, akajifunga kilemba cha kitambaa hicho hicho. Tulipofika bustanini nilishika vishikio vya kiti nimsukume. Akageuka akaniangalia. Niliviachia.

Sikuwa nimeona vile vyuma. Mtu mwenye miguu haoni vitu kama hivyo. Mwanzoni mwa njia kulikuwa na vigingi vitatu vya chuma, vimesimamishwa kuzuia bodaboda, na nafasi kati yao ilimtosha mtu na mkoba wake. Kiti cha dada yangu kilifika hapo kikagota.

Mlinzi alikuja, mama wa makamo mwenye sweta ya rangi ya kijani na rungu kiunoni. "Pole, mama. Hapa kiti haiwezi ingia. Hii daraja ni ya watu wa kwenda na miguu."

"Na mimi naenda na mikono," dada akajibu. "Sisi wa mikono tupite wapi?"

Mama yule alicheka kidogo, akajizuia. Kwa nia njema kabisa akasema ataita wanaume wawili wambebe hadi ndani, halafu kiti kikunjwe kipitishwe. Watu walianza kusimama nyuma yetu. Nikainama sikioni mwa dada nikamwambia mimi mwenyewe naweza kumbeba, ni hatua chache tu.

"Najua unaweza," akasema, si kwa ukali. "Lakini sikuja kubebwa. Nimebebwa maisha yangu yote kuingia mahali ambapo wengine wanaingia wakila njugu." Kisha akamgeukia mlinzi. "Dada, waliojenga hapa, siku gari la kusafisha likitaka kupita, linapita wapi?"

Mlinzi alitazama kigingi cha katikati. Nami nikakitazama. Chini yake palikuwa na kufuli.

"Ufunguo uko na msimamizi," akakiri.

"Mpigie. Sisi tutangoja, jua si kali."

Msimamizi alikataa kwanza. Tulisikia sauti yake ikikataa. Dada akaomba simu. Hakupiga kelele. Alimwamkia, akamuuliza habari ya nyumbani, akamweleza yuko wapi, amevaa nini, na kwamba hataondoka. "Njoo tu unione, baba. Ukiniona halafu useme nirudi, nitarudi."

Alikuja kwa mguu, akitoka jasho, funguo zikilia mfukoni. Alimtazama dada yangu na kilemba chake, akatazama kundi la watu waliokuwa wamekataa kupita bila kuona mwisho wake. Alipiga goti, akafungua kufuli, akakivuta kigingi kutoka shimoni kwa mikono miwili, akakilaza kwenye nyasi.

"Karibu, mama," akasema.

Dada akaingia. Nilimfuata, mikono yangu nimeifunga mgongoni nisije nikasahau. Mbao zilitoa mlio wa chini chini kwa kila mzunguko wa magurudumu. Penye mpindo wa kwanza alikuwa akiongea; penye wa pili aliacha kuongea. Mabega yake yalipanda na kushuka, shingo ikang'aa jasho. Alisimama mara moja, akashika gurudumu lisirudi nyuma, akavuta pumzi. Nilipiga hatua moja mbele.

"Kaa huko huko," akasema bila kugeuka.

Kule juu kabisa, chini ya tao, kulikuwa na harusi. Bibi harusi na bwana wake walikuwa wanapigwa picha, shela limeshikwa na wapambe, na kina shangazi wamekaa kandokando wakipunga upepo kwa karatasi za nyimbo. Walimwona dada akija. Mmoja wao, mama mnene mwenye kofia ya kanisa, aliinuka, akatazama mteremko alioupanda dada, akatazama mikono yake, kisha akafungua kinywa akapiga kigelegele kirefu. Wenzake wakakidaka. Mpiga picha akasogea. Bibi harusi mwenyewe akakusanya gauni lake akampisha.

Dada yangu alifika juu akicheka huku machozi yanamtoka. "Jamani, msinichukulie harusi yangu!" akawaambia, na kina shangazi wakarudia vigelegele upya.

Wakataka apigwe picha nao. Akakubali, akajiweka katikati.

Walipoondoka alikisogeza kiti hadi ukingoni. Chini mto ulipita, bado na uchafu wake, sitasema uongo. Lakini alikuwa hautazami mto. Alikuwa anatazama mapaa ya Kaloleni, na nyuma yake majengo ya mjini, na ndege wakubwa wala takataka wakizunguka chini yetu, chini kabisa, kana kwamba wao ndio wanaotambaa.

"Sikujua tunaishi karibu na mjini hivi," akasema.

Tulikula mahindi ya kuchoma kwenye nyasi za ng'ambo. Aliomba kuteremshwa, akalala chali, akavua viatu. Alitaka kujua miti ile ni ya aina gani. Sikujua, akamuuliza kila aliyepita hadi akapata jibu. Kisha akasema turudi, anataka kulivuka tena kabla mikono haijapoa.

Alipofika juu mara ya pili alitoa glavu za ngozi mkobani, akazivaa, akaniambia nimshikie mkoba. Njia mbele yake ilikuwa tupu hadi chini.

"Usinikimbilie," akasema, akaachia magurudumu.

Nilimkimbilia. Kilemba kilifunguka kikapeperuka nyuma yake, na kicheko chake kilinifikia kutoka mpindo wa mbele, kisha kutoka mbali zaidi.